Asubuhi Kenya, Jioni Utegi

Kwa Salma, aliye ng'ambo ya ukuta huu,

Nakusikia unavyojigeuza kitandani, kwa hiyo najua hujalala, na ningeweza kugonga mlango nikakuambia haya kwa mdomo. Nimejaribu. Mara ya kwanza nilifika mlangoni nikarudi kutafuta miwani. Mara ya pili nikajisingizia kiu. Mdomo wangu unajua kuongea na wateja, lakini kwako huwa unakwama, na hilo umelijua tangu ukiwa mdogo. Basi nimekaa kwenye meza yangu ya ufundi, nimezisogeza saa za watu pembeni, nakuandikia.

Mambo ya sabuni, kanga za kubadilisha na kutokula ovyo njiani ameshakuambia mama yako, na kesho atakuambia tena. Sina la kuongeza. Nataka kuzungumzia yale uliyoyasema leo mchana tulipokuwa tunakula: kwamba kesho hupandi basi. Kwamba nafasi yako ya chuo wampe mtu mwenye mkono wa kupima, maana wewe mkono huo huna. Ulisema, "Baba, mtu anayeshindwa kuipata nyumba yao akiwa amesimama uani kwao, ataipata meli katikati ya bahari?" Halafu ukaenda kuosha vyombo, na baadaye nikakuona unatoa nguo kwenye begi, moja moja, unazikunja upya na kuzirudisha kabatini.

Chuo hakitakusubiri. Hilo tunalijua wote. Wasichana waliochukuliwa kwenye kozi ya maofisa wa meli ni wachache mno, na asiyefika siku iliyoandikwa nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo barua hii ina haraka kuliko mwandiko wangu unavyoonyesha. Ina jambo moja ndani yake ambalo nimelificha tangu Jumatano. Nitalisema, lakini niache nilifikie kwa mwendo wangu, maana nikilitoa sasa utainuka uje kunigombeza kabla hujasoma mengine.

Unakumbuka mjomba wako Marwa alipotuuliza ile sinia ya oili ni ya nini? Alikuwa ametoka Susuni na mkungu wa ndizi begani, akakukuta umepiga magoti mbele ya sinia, sekstanti usoni, na mama yako amesimama pembeni na saa mkononi kama refa. Nikamweleza dada yake ameolewa na watu wa namna gani. Nikamwambia chombo hiki kinapima jua liko juu kiasi gani. Baharini unalipima kutoka kwenye ule mstari ambapo maji yanakutana na mbingu. Huku kwetu Tarime mstari huo hatuna, tuna vilima, kwa hiyo tunachukua jua lililomo kwenye kioo cha chombo na jua lililomo ndani ya oili, tunayagusanisha, halafu kipimo tunakigawa kwa mbili. Ukijua jua liko juu kiasi gani, na ukijua saa kamili kwa sekunde, hesabu inakuambia umesimama wapi duniani.

Marwa akaizunguka ile sinia, akachungulia, akajiona uso wake mweusi ndani ya oili, akasema, "Mura, mimi mahali nimesimama ninapajua. Nimesimama kwa shemeji yangu na chai sijapewa."

Tulicheka sana siku ile. Na jogoo akaingia kwenye sinia, akatoka na miguu ya oili, akapita juu ya shuka za mama yako zilizoanikwa kwenye majani. Mama yako hakunisemesha mpaka magharibi. Wewe ndiye uliyekaa ukakata kioo cha dirisha lililovunjika tukatengeneza kile kibanda cha kuifunika sinia, upepo usiikunje oili na jogoo asioge humo. Mikono yako haikutetemeka hata kidogo ukikata kile kioo. Nilikuwa nakutazama. Mtu asiye na mkono hakati kioo hivyo.

Nilipokuwa na umri unaoukaribia sasa, nilikuwa ofisa mdogo kwenye meli ya mizigo iliyokuwa ikitoka Tanga kwenda Mtwara na Komoro na kurudi. Nilijiona mkubwa. Nilikuwa na kofia. Jioni moja nilitumwa kupima nyota, ule muda mfupi ambapo nyota zimeshatoka na mstari wa bahari bado unaonekana. Nikapima nyota ile ile mara nyingi, kama nilivyofundishwa, maana kipimo kimoja ni kama neno la mtu mmoja. Nikafanya hesabu. Karibu zote zilitusogeza nje kabisa, mbali na pale tulipodhani tuko. Moja tu ilikubaliana na alama ambayo kapteni alikuwa ameshaiweka kwenye ramani mchana.

Nadhani unajua nilichagua ipi.

Kapteni wetu alikuwa Mpemba mfupi, mtu wa maneno machache. Akaitazama karatasi yangu, akasema, "Umepima mara moja tu?"

"Nimepima nyingi, kapteni. Nyingine zilikuwa mbovu, nimezitupa."

"Nani kakwambia mbovu?"

Ubovu wake ulikuwa mmoja tu, kwamba hazikunipendeza. Akaniambia nikazitafute zile karatasi kwenye pipa la taka, nikazikunjua mbele yake moja moja, na wote wawili tukaona jinsi zilivyopangana vizuri zikisema kitu kimoja, na ile moja yangu niliyoipenda imekaa peke yake kama mgeni asiyealikwa. Mkondo wa bahari ulikuwa umetusukuma mchana kutwa bila sisi kujua. Kapteni akabadilisha njia ya meli bila kunisema zaidi, na asubuhi tukaiona nchi kavu pale zile karatasi zilipokuwa zimesema itakuwa. Mpaka leo nikiwa nakunja karatasi naiona ile meza ya ramani.

Ungedhani mtu akishaaibika hivyo amejifunza. Mimi si mwepesi kiasi hicho.

Meli ilipouzwa nikabaki na sekstanti ile na mshahara wa mwisho, na habari za dhahabu ya huku Mara zilikuwa zimefika mpaka Tanga. Watu walikuwa wanaacha kazi za ualimu, wanaacha vibanda vya samaki, wanakuja. Nami nikaja, nikaingia kwenye duara na wenzangu watatu kule upande wa Nyamongo. Wewe umezoea neno hilo, lakini mimi mara ya kwanza kulisikia nilidhani ni mchezo; kumbe ndilo shimo lenyewe wanaloingia watu kutafuta mwamba wenye dhahabu. Kabla ya kuchagua upande wa kuchimbia tulitwanga mawe ya kila upande na kuyaosha kwenye karai. Jiwe moja la upande wa mashariki liliacha mstari wa njano chini ya karai, mzuri ajabu. Mawe mengine yote ya upande ule ule yaliacha mchanga mweusi tu.

Nikawaambia wenzangu hayo mengine hayakutwangwa vizuri. Wakaniamini, kwa sababu nilikuwa mtu wa vipimo, nimetoka baharini na chombo kwenye sanduku. Tulichimba kuelekea mashariki kiangazi chote, mpaka maji yakatutoa. Hakukuwa na kitu. Yule mmoja aliyekuwa ameacha ualimu wake kwa ajili ya duara lile alirudi kwao bila kuniaga, na sikumlaumu, kwa maana ningekuwa yeye hata kusalimia nisingemsalimia mtu kama mimi.

Kwa hiyo Salma, kama unadhani baba yako anakufundisha kutoka juu ya mlima fulani, hapana. Nakufundisha kutoka ndani ya lile shimo. Ukipima mara nyingi, usitafute kipimo kinachokupendeza. Viweke vyote mezani, vibaya na vizuri, uvitazame vinavyokwenda. Kama kimoja kimetoka nje ya wenzake, ulizia kwanza kilichotokea: mawingu, pumzi yako, meli kuyumba, saa kusomwa vibaya. Usikitupe kwa sababu kimekuudhi. Na ukiona vyote vimekuudhi kwa namna moja, hapo ndipo pa kusimama na kufikiri, badala ya kulia.

Nimelitaja neno kulia na sasa sina budi kuisema wiki hii.

Tulianza Jumatatu, wiki yako ya mwisho ya mazoezi. Uliamka mwenyewe, ukatoa sinia, ukasikiliza milio ya saa kwenye redio na kuirekebisha saa ya mama yako. Jua la saa tatu asubuhi, kwa sababu huku kwetu jua la mchana linapanda juu mno, sekstanti haifiki mara mbili yake. Ukakaa vizuri, viwiko kwenye magoti. Ukakiyumbisha chombo kidogo kushoto na kulia kama nilivyokuonyesha, lile jua la kiooni likawa linachora upinde, ukangoja mpaka pale chini kabisa ya upinde ndipo likagusa mwenzake. Ukaita, "Sasa!" na mama yako akasoma sekunde kwanza, halafu dakika, halafu saa. Hiyo ilinichukua mwaka mzima kuijua nilipokuwa kijana, kwamba ukianza na saa, sekunde zinakukimbia. Mama yako aliijua siku ya kwanza, na nilipomuuliza kajuaje aliniambia, "Sasa nianze na kitu ambacho hakiendi popote?"

Ukapiga hesabu. Ukatuweka Kenya.

Si mbali ndani ya Kenya, lakini ng'ambo ya mpaka bila ubishi, mashariki yetu. Ukarudia, Kenya tena. Jioni ukapima jua linaloshuka upande wa ziwa, na safari hii ukatuweka karibu na Utegi, magharibi, umbali ule ule. Jumanne asubuhi Kenya, Jumanne jioni Utegi. Ukasema labda ni saa. Nikakuambia angalia tena mkono wako. Nilikuambia hivyo kwa nia njema, Mungu shahidi, Jumanne nilikuwa bado sijui. Ulikuwa unaheshimu kila neno langu, na neno hilo ukalichukua ukalipeleka moja kwa moja moyoni.

Jumatano jioni Marwa akaja tena, akakukuta umeinamia makaratasi macho mekundu. Akauliza kulikoni. Mama yako akamweleza. Basi Marwa, ambaye hawezi kumwona mtu analia bila kumtania, akapiga kofi pajani akasema, "Asubuhi Kenya, jioni Utegi, na kulala analala Tarime! Mura, huyu binti yako si baharia. Huyu anafanya magendo!"

Hata wewe ulicheka, huku unajifuta. Mimi nilicheka pia, halafu nikaacha.

Kwa sababu alikuwa ameyapanga makosa yako kwa mstari mmoja, na mimi niliyekaa nayo siku tatu sikuyapanga. Fikiri pamoja nami sasa, kwa sababu huko uendako utalihitaji hili. Kama ni saa iliyokosea, ingetuhamisha upande mmoja tu, asubuhi na jioni, mashariki kila mara au magharibi kila mara. Kama ni mkono unaotetemeka, ungetutawanya: leo Kenya, kesho Mugumu, keshokutwa ndani ya hifadhi na nyumbu. Lakini wewe asubuhi ulitusogeza upande wa jua na jioni ukatusogeza upande wa jua, kwa kiasi kile kile. Maana yake kila mara chombo kilikuambia jua liko juu zaidi kuliko lilivyo. Na jua likiwa juu zaidi, wewe uko karibu nalo zaidi. Lilituvuta asubuhi, likatuvuta jioni. Wewe hukufanya kosa lolote. Ulisoma kwa uaminifu kabisa chombo kinachosema uongo.

Unajua kazi yangu ni nini hapa mjini. Saa, ndiyo, na redio, lakini kinachotulisha tangu dhahabu ilipochangamka ni mizani za wanunuzi. Kila anayeniletea mizani namwambia neno lile lile mpaka wananitania kwalo: kabla hujaweka dhahabu ya mtu, itazame ikiwa tupu. Kama ikiwa tupu inasema kuna kitu, itadanganya kwa kila utakachoweka, na kwa kiasi hicho hicho, na mchimbaji aliyetoka shimoni na kile kidogo chake ndiye atakayelia. Sekstanti nayo ina namna yake ya kuwa tupu. Unaiweka kwenye sifuri, unatazama nyota. Lazima uone nyota moja. Ukiona mbili, hapo kuna kosa la chombo, unalipima, unalitoa kwenye hesabu, maisha yanaendelea. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, na baharini hufanywa kila unapolitoa lile sanduku, kila mara, hata kama ulilitoa jana.

Mimi nilikupa kosa la chombo kwa kichwa. Nilikuambia, "Hii haina kosa la maana, naijua." Niliijua kweli, zamani. Lakini siku tulipopaka chokaa chumbani, kabla ya mfungo, lile sanduku liliniponyoka kutoka juu ya kabati. Nikalifungua, nikaona vioo ni vizima, nikashukuru Mungu nikalifunga. Sikuipima tena. Mimi, ninayewapigia kelele wanunuzi wa dhahabu wa Tarime nzima.

Jumatano baada ya Marwa kuondoka nilitoka nayo nje, nikaiweka kwenye sifuri, nikatazama kile kilima cha nyuma ya soko la ng'ombe. Kilikuwa na migongo miwili, mmoja juu ya mwingine; kioo kimoja cha chombo kilikuwa kimepinda.

Sasa hili ndilo jambo lenyewe. Nilijua Jumatano. Leo ni Jumamosi. Alhamisi uliamka ukapima na nikakuacha upime. Ijumaa vivyo hivyo. Ulinitazama kila ukimaliza hesabu, unangoja niseme kitu, na nilisema, "Jaribu tena kesho." Sikukuambia uongo hata mmoja. Nilikaa tu nikauacha ule wa kioo ufanye kazi.

Nitakuambia kwa nini, ingawa si sababu ya kujitetea. Tangu barua ya chuo ifike nimekuwa baba anayepongezwa. Msikitini wananipongeza, wanunuzi wananipongeza, hata yule mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa hapa kutoka Iringa alikuja dukani kunishika mkono. Nami natabasamu. Usiku nalala chali nahesabu mabati. Najua bahari, Salma. Najua barua zinavyochelewa, najua mtu anavyorudi na sauti nyingine na kukaa sebuleni kama mgeni, anauliza kijiko kiko wapi. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo kwa mama yangu. Nilikwenda Tanga mara ya mwisho nikakuta hata wanaonijua mtaani wamebaki wachache, na yeye ameshazikwa. Sikutaka kusimama upande wa pili wa jambo hilo. Jumatano pale nje, nikiwa nimekishika kile chombo, nilisikia kitu kifuani nikadhani ni aibu. Haikuwa aibu. Ilikuwa furaha. Niliona kwamba nikinyamaza tu, utabaki.

Leo ulipotamka kwamba huendi, nilisema, "Tutaona," nikaongeza ugali. Mama yako alinitazama. Ulipotoka na vyombo akaniambia, "Baba Salma, leo umekula."

Nikamwambia samaki alikuwa mzuri.

"Samaki alikuwa mzuri jana pia, hukumaliza. Mtoto wangu amevunjika moyo na wewe unakula kama mtu aliyeletewa ng'ombe wa mahari. Una jambo. Mimi hayo majua yenu siyajui, lakini wewe nakujua. Ulimalize kabla ya basi."

Akainuka akaenda kuzirudisha nguo zako kwenye begi. Ndiyo, ni yeye. Usiku huu ukiona begi limejaa usidhani ni mimi. Mimi nilikaa tu pale na sahani tupu.

Baada ya magharibi nikachukua makaratasi yako yote ya wiki nzima. Umeyaweka yote, hata yale ya Jumatatu uliyoyakunja, umeyanyoosha ukayabana pamoja. Sijui kama unakumbuka nilikufundisha hilo au umezaliwa nalo. Nikalipima kosa la chombo, nikalitoa kwenye kila kipimo chako, nikapiga hesabu upya, za asubuhi na za jioni. Ilinichukua muda, macho haya si yale.

Karibu zote zimerudi Tarime. Moja imeangukia kwenye njia ya kwenda Sirari, haijafika popote, na ni ile ya Alhamisi jioni ambayo upepo ulikuwa mkali na uliandika mwenyewe pembeni, "upepo, siiamini." Nyingine zimekusanyika hapa hapa kati ya soko na msikiti. Umepima kwa sinia ya oili ya gereji na kioo cha dirisha. Mimi kwa umri wako, kwenye meli nzima, na kofia kichwani, sikuwahi kupima hivyo. Sikusifii. Nakupa majibu.

Kuna watu wataona hiki ni kitu kidogo, kioo kupinda. Kwako haikuwa kidogo. Ulikuwa unataka kurudi dukani, ukae kwenye kile kiti cha pembeni ubadilishe betri za saa maisha yako yote, ukiamini kwamba huna mkono, na mtu wa pekee aliyejua si kweli alikuwa mimi. Ungenipikia chai kila jioni. Na kila jioni ningeinywa huku najua. Nimejaribu kujiona nikiinywa, na ndipo nikachukua kalamu.

Nisamehe. Nalisema sasa kwa maandishi ili usije ukadhani nililisema kwa kuwa ulinibana.

Sikukirekebisha kile kioo. Bisibisi zote ziko hapa mbele yangu na ni kazi ndogo, lakini nimekiacha kilivyo makusudi, kwa sababu wiki hii nimepoteza haki ya kukuambia "niamini." Kabla ya adhana ya alfajiri, toka uani na sekstanti. Iweke kwenye sifuri, tafuta nyota yoyote kubwa. Utaziona mbili. Usinisikilize mimi, zitazame mwenyewe, pima zimeachana kiasi gani, halafu chukua hesabu zako uone zinaishia wapi. Muda utatosha, basi haliondoki mpaka saa moja. Chombo ni chako, nenda nacho. Kirekebishe mwenyewe ukifika, na usikubali mtu yeyote akuambie kosa lake kwa kichwa, hata akiwa na nyota begani, hata akiwa baba yako.

Utakasirika. Kasirika, ni haki yako, nami nitakaa nayo. Ila nakuomba usiniadhibu kwa kubaki. Ukibaki kwa hasira nitafurahi tena, ndivyo nilivyo, nimeshajijua, na hapo nitakuwa nimekuharibia mara mbili.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako, halafu nitakuwa macho. Sitatoka chumbani mpaka uniite, maana yale ya uani ni yako na nyota zako. Ukiniita, begi nitalibeba mimi mpaka stendi, usigombanie na mama yako. Usiponiita nitaelewa. Nitawaacha mtangulie, halafu nitakuja nyuma yenu, nisimame kule kwa wauza karanga mahali ambapo hutaniona, nikuone tu ukikanyaga ngazi ya basi.

Panda, mwanangu.

Baba yako